Mbalamwezi ndiyo muhula wangu: siku moja ya mratibu wa kisomo Kigoma

Nikisema nafanya kazi ya kisomo cha watu wazima, watu huona mara moja ubao, chaki na wazee wanaoitikia a-e-i-o-u. Hao wanaoitikia wana mwezeshaji wao. Mimi ni mratibu. Natafuta chumba, natafuta ufunguo wa chumba, natafuta posho ya mwezeshaji, na kubwa kuliko yote natafuta saa: saa ambayo mama mwenye beseni la dagaa, watoto wadogo na mume mwenye maneno mengi anaweza kukaa chini akashika kalamu bila mtu kumwita. Niko Kigoma, mwisho wa reli. Hii ni Jumatano iliyopita.

Saa kumi na moja alfajiri. Naswali, nabandika chai, natoka uani kuangalia mwezi umefikia wapi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikishika, taa haivuti kitu na mitumbwi inapumzika. Giza likirudi, kina mama wako mwaloni, mitumbwi inakotua, tangu alfajiri: wananunua, wanaanika, wanageuza, wanakimbizana na mvua, na darasani anabaki mwezeshaji na madawati yake. Niliwahi kuletewa ratiba kutoka Dar es Salaam, nzuri, ya rangi, Jumatatu hadi Ijumaa saa nane mchana mwaka mzima. Niliibandika ukutani. Inaziba ufa vizuri.

Saa moja na nusu, mwaloni Kibirizi. Mwezi mpevu ulikuwa juzi tu, kwa hiyo chanja za kuanikia ziko tupu na kina mama wamekaa wanasukana. Napita nikikumbusha kwa sauti ndogo: "Kikao saa kumi." Hatusemi darasa. Vijana wa bodaboda wakisikia darasa wanaanza, "Mama, unaenda vidudu?" na mtu mwenye wajukuu akishachekwa mara moja pale kijiweni, humpati tena.

Mama mmoja ananivuta kando, ananipa simu yake. "Dada, hii inasemaje?" Ni ule ujumbe wa matapeli wa "ile hela itume kwenye namba hii". Sisi wengine tunaufuta huku tunacheka. Yeye, asingenikuta, angempelekea kijana wa kibandani amsomee, kijana huyohuyo anayemsomea salio na kumbonyezea namba ya siri. Watu huniuliza mtu wa miaka hamsini anajisumbulia nini na herufi. Huwa nawaambia wafikirie kila shilingi waliyonayo, jirani awe anaijua kabla yao.

Saa tatu niko ofisini. Taarifa ya mwezi, kuhesabu madaftari, kuwapigia wawezeshaji wawili kuwaambia posho bado. Basi.

Saa nne, benki. Jina kapuni. Hapa ndipo siku ilipoliwa.

Kikundi chetu kimoja kinataka kuomba ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa 2023 na kurudi 2024. Kikundi hakiombi bila akaunti, na akaunti inataka watia saini. Mwenyekiti na katibu walisoma mpaka la saba. Mhazini hakukanyaga shule, lakini ndiye mhazini kwa sababu anakumbuka kichwani nani kaweka hisa ngapi na nani kakopa lini, na hajawahi kukosea hata mia. Mwaka huu amekuwa akija kwetu. Tangu wiki iliyotangulia alikuwa akiniambia, "Mwalimu, mie benki sitii dole." (Wananiita mwalimu. Nimechoka kukanusha.)

Tukachukua namba, tukakaa. Mtandao ukakata. Mtandao ukarudi. Kufika dirishani tukaambiwa muhtasari wa kikao hauna muhuri wa mtaa, katibu akapanda bodaboda kuufuata, na sisi tukarudi kwenye benchi kulinda zamu ambayo, kumbe, ilikwishapotea. Tukachukua namba nyingine. Mhazini muda wote huo amekaa wima na khanga yake mpya, kidole cha shahada kinaandika juu ya paja, polepole, herufi moja moja, anafika mwisho anaanza upya. Mimi nilikuwa nimeshasinzia mara mbili.

Zamu ikafika. Mwenyekiti akasaini, katibu akasaini, vile vikorokoro vya haraka ambavyo sote tumezoea. Karani akamtazama mhazini, akatazama kitambulisho, na bila hata kuuliza akasukuma kile kibati cha wino. "Mama, weka dole hapo."

"Naandika, mwanangu."

"Mama, foleni ni ndefu."

"Naiona. Naandika."

Akaandika. Herufi ya kwanza ikakaa, ya pili ikakaa. Ya nne ni s, na hiyo imemtesa tangu mwanzo, kila siku inageukia upande usio wake. Akaisimamisha kalamu hewani, mdomo umekaza, kisha akaishusha ikageuka inavyotakiwa. Nyuma yetu kuna baba anapiga ulimi kwa nguvu ili sote tusikie. Karani ameshika simu yake. Mimi jasho linanitoka kama ninafanya mtihani wa taifa. Alipomaliza, herufi mbili za mwisho zilikuwa nje ya kisanduku.

"Imetoka nje," karani akasema. "Hii fomu imeharibika, lete nyingine."

Fomu nyingine hakuwa nayo. Ilibidi kutoa kopi steshenari ya upande wa pili wa barabara, na steshenari umeme ulikuwa umekatika. Tukasubiri. Nikamwambia mhazini, kwa sauti ya chini, kwamba akitaka kuweka dole leo hakuna atakayemlaumu. Akanitazama tu. Umeme ukarudi, kopi ikatoka, tukarudi, na safari hii akaandika vidogo, amebana kiwiko kama anaiba, jina lote likaingia. Karani akalisoma, akakubali kwa kichwa. Kisha akasukuma tena kile kibati.

"Na dole pembeni, mama. Kwa usalama."

Akaweka. Ilikuwa karibu saa nane. Nje akajifuta wino kwenye upindo wa khanga mpya, hakusema neno mpaka tulipofika eneo la Mwanga, halafu akaanza kucheka na hakuacha mpaka tuliposhuka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na njaa, na nilikuwa nimepanga maneno yote ambayo ningemwambia yule karani. Sikumwambia, kwa sababu akaunti inafunguliwa na yeye na mkopo una tarehe.

Chakula: wali, maharage ya mawese, dakika kumi.

Saa kumi, "kikao". Shule imetupa chumba cha darasa la pili na ufunguo anao mlinzi, na mlinzi yuko Gungu msibani. Watu ishirini na kitu wamesimama chini ya mwembe wakiwa na madaftari ndani ya khanga. Nusu saa. Ufunguo ukaja na mtoto wa mlinzi kwenye baiskeli.

Madawati ni ya watoto, kwa hiyo magoti yako juu na kalamu ziko chini. Mwezeshaji anaandika DAGAA ubaoni, anauliza bei ya ndoo wiki hii, na kabla herufi haijaguswa mjadala umeshawaka. Akiuacha uwake kidogo, halafu akakata da-ga-a, akashuka da, de, di, do, du, wanashika haraka. Hesabu za kichwani wanatushinda sote, wanachokosa ni kuziona kwenye karatasi.

Mimi wakati huo napita na kiboksi changu cha miwani ya kusomea. Huu ndio ugunduzi mkubwa wa kazi yangu na hauna uhusiano wowote na ufundishaji. Watu wakivuka miaka arobaini na kitu macho ya karibu yanaanza kugoma, na mtu asiyesoma hajui, kwa sababu hana anachokiangalia kwa karibu. Anakuja darasani, herufi ni ukungu, anajiona mzito, anaacha. Bibi mmoja nilimwamkia, nikamvisha miwani ya +2, akatazama daftari, akasema, "Marahaba. Kumbe kuna mistari!"

Huyo bibi aliwahi kusoma. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na bibi alikuwa kwenye kundi la kusikiliza redio la kampeni ya afya ya Mtu ni Afya, 1973. Anasema walichimba vyoo kijiji kizima. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma, kufika 1986 ikasemwa imebaki kama asilimia kumi. Bibi alikuwa kwenye hesabu ya waliofaulu. Kisha kijijini kwao halikufika gazeti wala kitabu kingine baada ya kile cha kisomo, na herufi zikamtoka moja moja. Ofisi zinapenda kuniuliza wangapi wamehitimu. Sijawahi kuulizwa waliohitimu wanasoma nini.

Watoto nao huwa wanakuja, hakuna wa kuwaachia. Zamani walikaa nje wakipiga kelele. Sasa nusu saa ya mwisho mama na mtoto wanakaa na kitabu kimoja. Sharti ni kwamba mtoto hasahihishi, anasubiri kuulizwa. Binti wa la nne alishindwa kuvumilia, akanong'ona neno, mama yake akamfunika mdomo kwa kiganja na kuendelea kusoma hivyohivyo, mkono bado upo pale.

Baada ya hapo saa zimechanganyika. Kulikuwa na mume mmoja langoni aliyetaka kujua kikao gani hiki kisichoisha, nikamsalimia kwa Kiha, nikamuulizia wazee wake, akapoa. Kulikuwa na mwezeshaji aliyenifuata hadi kituoni kuniambia kapata nafasi kwenye mtumbwi wa mjomba wake, na giza likirudi ataenda. Simlaumu. Posho ya mwezi kwetu, akiipata, ni samaki wa usiku mmoja. Nyumbani nimefika watoto wamelala, nimekula nimesimama, nimejaza mahudhurio kwenye simu mpaka chaji ikaisha.

Kwa hiyo sasa natafuta mwezeshaji wa Kibirizi kabla mwezi haujaisha, mtu mzima mwenye subira, asiyecheka watu. Na mwenye miwani ya kusomea asiyoitumia, +1.5 hadi +3, aniandikie. Ya +2 zimeisha kabisa.