Bibi na wadeni wake wa Ruaha

Basi bwana, tarehe 14 Oktoba, sikukuu ya Nyerere, tukasema mwaka huu hatulali ndani. Miaka yote tunakaa Iringa mjini, wazungu wanatoka kwao huko wanapita hapa hapa kwenda hifadhi ya Ruaha, sisi wenyeji tembo tunamwona kwenye noti ya elfu kumi tu, nayo mnajua haikai sana mfukoni. Shemeji akatuazima Land Cruiser yake ya kizamani, sharti moja tu, irudi na tenki limejaa.

Tulidhani mama mkwe hatokubali, maana amezaliwa na kulima Idodi, kijiji cha njiani kabisa kwenda hifadhini, na ukimtajia tembo anasonya. Ajabu saa kumi na moja alfajiri tunashuka na mahotpoti, tunamkuta keshakaa siti ya mbele na kitenge chake na kikapu, mkanda ameshafunga. Wajukuu wanne nyuma, mimi katikati yao kama refa.

Mpaka Msembe, makao makuu ya hifadhi, ni kama kilomita 130. Ukishapita Kalenga, kwenye makumbusho yenye fuvu la Mkwawa, yule chifu wa Wahehe, ni vumbi na makorongo, watoto wawili wakatapika, sitaki hata kukumbuka. Idodi ikabidi tusimame maana bibi kaona watu wake, kamwene, kamwene, nusu saa nzima anasalimia. Wakamuuliza mama unaenda wapi, akajibu "nakwenda kuwaangalia wadeni wangu." Watu wakacheka. Sisi hatukuelewa.

Getini keshi hawapokei, unapewa kontroli namba unalipa kwa simu, mzawa analipa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo kiukweli kiingilio hakikutuumiza, kilichotuumiza ni dizeli. Sheria zao ni hizi: mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa, hamna kushuka kwenye gari isipokuwa sehemu zilizoruhusiwa, hamna kutupa kitu nje.

Sasa mbung'o. Nilimwambia baba watoto usivae bluu, hakusikia, kavaa jinzi na fulana ya bluu ya kampeni ya zamani. Mbung'o wanafuata bluu na nyeusi, halafu wanapenda kitu kinachotembea, ndo maana hata mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Kaumwa mgongoni, kaumwa mapajani juu ya jinzi, huku anaendesha. Mkifunga vioo mnaiva, mkifungua mnaliwa. Bibi hakuguswa hata mara moja, akasema wanamjua.

Wanyama tuliwaona wengi: twiga, pundamilia, swala pala mpaka watoto wakawachoka, na tandala dume, yule mwenye pembe zilizojisokota, kasimama kwenye mibuyu anatuangalia kama sisi ndo tumechelewa. Bibi alimpenda huyo. Simba tuliona sikio moja tu kwenye nyasi, wa kwanza wangu anaapa ni sikio la simba, mimi nadhani ni jani, ila picha keshatuma kwa wenzake wote.

Tukafika mtoni. Jamani, Ruaha Mkuu mwezi wa kumi sio mto, ni barabara ya mchanga yenye vidimbwi, viboko wamebanana kwenye tope kama abiria wa daladala ya jioni. Zamani maji hayakuwa yanakatika, bibi anasema wao walikuwa wanaogopa kuvuka hata kiangazi, kuanzia 1993 ndo mto ukaanza kusimama kila kiangazi, na sababu kubwa inayotajwa ni maji yanayochepushwa huko juu, bonde la Usangu, kwenye mashamba ya mpunga. Baba watoto ndo alikuwa anatuelezea hayo kwenye sehemu ya kupumzikia, mdomo umejaa wali. Nikamuuliza huo mchele unaokula unajua nimenunua wapi? Mchele wa Mbarali, huko huko Usangu, kilo kumi, niliubeba mwenyewe nikitoka Mbeya. Akatafuna taratibu kidogo, afu akaomba aongezewe.

Tukiwa bado tunakula wakaja tembo ng'ambo ya pili, wanane na mtoto wao mdogo. Yule mkubwa akaanza kupiga teke mchanga kwa mguu wa mbele, anachimba, anachota kwa mkonga anamwaga pembeni, mpaka maji yakatokea shimoni akanywa, wengine wanasubiri zamu. Watoto kimya kabisa, kitu ambacho hakijawahi kutokea kwenye familia hii. Nikamgeukia mama mkwe nikijua atasonya. Akasema tu, "Ndivyo tulivyokuwa tunachota. Unayamwaga yale ya kwanza, yana tope." Akaeleza wakiwa wasichana walivyokuwa wanafukua mchanga wa korongo la kijijini kwa kata, anayewahi alfajiri ndo anapata masafi.

Nikafikiri yameisha, kawasamehe. Wapi! Kwenye gari tunarudi kitinda mimba wetu akamuuliza bibi, hao wadeni wako wanadaiwa nini? Ndo akatoa stori yote ya mwaka 1998, mahindi yamestawi kwa mvua za ile el nino, tembo wakaingia usiku, babu akapiga madebe mpaka yakapinda, asubuhi shamba limebaki mabua. Enzi hizo hakuna cha kifuta jasho, ile hela ya serikali kwa walioharibiwa mazao na wanyama, kanuni zake zimekuja 2011, na babu keshafariki.

"Kwa hiyo ni shilingi ngapi bibi?"

Akahesabu kwa vidole, mzee wa watu, gari linaruka kwenye makorongo.

"Gunia saba," akasema. "Na kisado cha maharage, yalikuwa pembeni pembeni."

Kitinda mimba akaomba simu yangu, akaandika.