Koki kuu na spana yangu

Nianze na kosa langu, maana mama mkwe ameshalisimulia kwa kila mgeni aliyekanyaga hapa na sina cha kuficha tena. Bomba lilikuwa linavuja, ndiyo. Lakini aliyelipasua ni mimi.

Dalili zilikuwepo. Maji ya bafuni yalianza kuwa membamba, nikalaumu shawa. Nikaifungua, nikailoweka kwenye siki usiku kucha, nikaisugua kwa mswaki mkuukuu na kuirudisha ikiwa inang'aa. Maji yakabaki vilevile. Bili ikaja imepanda, nikasema msoma mita kakosea namba. Uani pakaota kiraka cha majani mabichi wakati majani mengine yote yamekauka, nami nikawa nayasifia. Wiki tatu nayasifia! Hadi binti yangu wa miaka saba, ambaye hana haraka na jambo lolote, alipoingia ndani na kandambili moja mkononi.

"Mama, ardhi imemeza kandambili yangu."

Jioni hiyo nilifunga kila koki, nikafunga na ile ya tangi la choo, nikaenda kwenye mita na tochi ya simu. Kwenye uso wa mita yetu, kando ya namba, kuna kinyota chekundu kinachozunguka maji yakipita, hata yakiwa machache. Kilikuwa kinazunguka. Kinajivuta, kinasita, kinajivuta tena, kama mtu anayetafuna kitu usiku akidhani wenzake wamelala. Niliandika namba, nikarudi baada ya saa moja. Lita 38 zilikuwa zimekwenda na hakuna aliyenawa hata mkono. Nikazidisha kwa 24. Kwa siku tulikuwa tunamimina ardhini zaidi ya madumu 45 ya lita 20.

Mwenye akili angefunga koki kuu akalala. Nami nilijaribu. Yetu ilikuwa ya kizamani, yenye gurudumu dogo la kuzungusha. Mafundi wanaiita geti valvu, kwa kuwa ndani yake mna kipande cha chuma kinachoshuka kuziba njia kama geti. Ikikaa miaka mingi bila kuguswa, kutu na chokaa ya maji huishika. Hii haikuguswa tangu baba mkwe alipoiweka. Nikaleta spana kubwa. Gurudumu likasogea kidogo, nikapata moyo, nikaongeza nguvu, ndipo likaanza kuzunguka kwa ulaini wa ajabu bila kufunga chochote. Mhimili wake wa ndani ulikuwa umekatika.

Laiti ningeishia hapo. Nikaikamata koki yenyewe kwa spana, nikidhani labda inahitaji kukazwa. Nikasikia *kap*. Kiungo cha plastiki kinachotoka kwenye koki kwenda nyumbani kikapasuka, maji yakanipiga kifuani na kupanda hadi kwenye paa.

Nilipiga kelele. Mama mkwe akatoka, akatazama, akarudi ndani bila neno. Nikajua nimeachwa. Kumbe kaenda kutafuta tyubu ya baiskeli. Aliikata kwa mkasi mwembamba wa kushonea, ukanda mmoja mrefu wa upana wa vidole viwili, akanikabidhi.

"Anza mbali na ufa, mwanangu. Uvute mpira hadi ubadilike rangi, kisha ndiyo uzungushe."

Hiyo ndiyo siri yake. Mpira ukiuzungusha bila kuuvuta, maji yanaupenya yanavyotaka yenyewe. Ukiuvuta hadi weusi wake ukapauka, kila mzunguko ukalala juu ya nusu ya ule uliotangulia, unabana bomba kwa kujirudisha. Nilizungusha nikiwa nimefumba macho kwa sababu ya maji, naye amenishikia tochi na kunisahihisha. Mzunguko wa kumi na kitu, mruko ule ukawa mtiririko, kisha jasho tu. Nikafunga fundo.

Nilimuuliza alijifunzia wapi. "Baba yenu alikuwa fundi wa kila kitu," akasema, "na hakumaliza hata kimoja."

Usiku huo tulijaza kila chenye tumbo: madumu, ndoo, masufuria, beseni la nguo, hata birika. Koki iliyo upande wa barabara, kabla ya mita, si ya mteja kuichezea, kwa hiyo nilipiga simu kwenye mamlaka ya maji, na asubuhi kijana mmoja akaja kuifunga. Nyumba ikanyamaza. Sikuwahi kujua kwamba nyumba ina sauti ya maji mpaka ilipokatika.

Kutoka hapo tulikaa siku mbili na nusu bila tone, watu wanne. Jirani alituruhusu kuchota kwake. Dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20 na dumu lenyewe juu yake. Hesabu hiyo naijua tangu shule, ila bega langu lilikuwa halijafundishwa. Shirika la Afya Duniani linasema mtu anahitaji kama lita 50 hadi 100 kwa siku ili mahitaji yake ya msingi yatimie bila mashaka. Sisi, baada ya siku ya kwanza ya fujo, tulishuka hadi madumu matatu na nusu, yaani lita 70 kwa watu wanne. Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ulitambua kwamba maji safi ni haki ya binadamu. Ya kwetu nilikuwa nimeimwaga uani.

Aliyetuvusha ni mama mkwe. Kwanza alikataza mtu yeyote kuchovya kikombe chake kwenye ndoo ya kunywa: kuna kata moja, ya mpini mrefu, na mkono hauingii. Pili, maji hayakuruhusiwa kufa mapema. Ya kuoshea mboga yalikwenda kusuuza vyombo vya kwanza, ya kusuuzia vyombo yakapiga deki, ya kuogea yakangoja kwenye ndoo ya choo. Kuhusu choo, nilikuwa najaza tangi lake kwa nyuma, lita tisa kila mara, nikiona ndiyo njia ya kistaarabu. Akaniondoa. Akachukua ndoo iliyofika nusu, akaiinua hadi usawa wa kiuno na kuimwaga yote kwa mkupuo ndani ya bakuli. Choo kikanywa. Ukimimina polepole hakiendi kitu hata ukimaliza pipa, kwa sababu kinachovuta ni kishindo.

Binti yangu alijifunza kupiga mswaki kwa nusu kikombe. Mume wangu, aliyekuwa safarini, alijifunza kutouliza kwenye simu, "Kwani umeshindwa kufunga koki?"

Fundi alikuja siku ya pili. Alitazama kazi yangu ya tyubu, akaitikia kwa kichwa. Alipoitazama koki akauliza spana iko wapi, akaibeba na kuiweka kwenye mkoba wake hadi kazi ilipoisha. Aliondoa geti valvu na kuweka koki ya mkono, ile inayofunga kwa robo mzunguko, na kuniambia niwe naifunga na kuifungua walau mara mbili kwa mwaka hata kama sina shida nayo. Kiungo kipya akakigundisha, akasema tungoje gundi ishike.

Mimi, wakati wa kungoja, nikachukua chepe. Si pale penye majani mabichi? Nilichimba mpaka magotini. Nikapata tope, na chini ya tope bomba, nikashangilia. Lilikuwa bomba la chuma, limeliwa na kutu, kavu, halitoki popote wala haliendi popote. Laini ya zamani kabla ya ile ya plastiki. Nilikaa ukingoni mwa shimo langu nikajiuliza maji yanapita wapi hasa kutoka kwenye mita hadi jikoni. Miaka tisa naishi hapa. Ningeweza kukuonyesha kila swichi gizani. Njia ya maji ilikuwa kichwani mwa baba mkwe, na baba mkwe tumeshamzika.

"Ilipita karibu na mti," mama mkwe akasema.

"Mti upi, mama?"

"Ule uliokatwa."

Ramani yote ilikuwa hivyo. Ilipita mtini, ikaliacha banda la kuku mkono wa kushoto, ikapinda palipokuwa na kamba ya nguo. Mti haupo, banda halipo, kamba imehama mara mbili. Fundi hakucheka. Alimwomba mama asimame mahali pa mti, naye akatembea taratibu, akageuka akatazama jikoni, akarudi nyuma hatua moja, akasema, "Hapa."

Kijana wa mamlaka akarudi kufungua upande wa barabara. Usiku, magari yalipotulia, fundi akaja na kipande cha nondo kirefu kama fimbo. Akawa anakigusisha ardhini, hakukichomeka, maana nondo ikizama inaweza kutoboa kilekile unachokitafuta. Ncha ya juu aliigandamiza sikioni. Hatua moja, anasikiliza. Hatua nyingine. Alipokaribia alipokuwa amesimama mama, akanipa nondo. Mwanzo nilisikia damu yangu mwenyewe. Kisha, chini yake, sauti nyembamba ya kuendelea, kama sufuria la maji kabla tu halijachemka.

Ilikuwa hatua sita kutoka kwenye shimo langu, upande wa juu. Fundi alinieleza kwamba udongo uliorudishwa kwenye mtaro haushikani tena kama ule ambao haukuguswa, basi maji yaliyotoka kwenye ufa yalifuata mtaro huo taratibu hadi yalipokuta bonde dogo, yakapanda juu na kumwagilia majani yangu. Pale panapolowa ni mlango wa kutokea tu.

Kwa kuwa sasa tulikuwa na koki inayofunga, tulifungua nusu saa, tukajaza vyombo, tukafunga. Asubuhi tukachimba. Sehemu ya mwisho fundi alitumia mikono na kipande cha ubao. Ufa ulikuwa mdogo kiasi cha kunitia aibu, urefu wa kidole, umekwenda sawia na bomba. Chini yake palikuwa na jiwe lenye ukubwa wa ngumi. Baba mkwe alilaza bomba juu ya jiwe akafukia. Kila koki ilipofunguliwa na kufungwa msukumo ukabadilika, bomba likajisugua kidogo tu, miaka nenda miaka rudi. Mama mkwe alilishika jiwe lile, akaligeuza, akasema "Nilimwambia alale kwanza, amalize kesho," akaondoka nalo. Liko dirishani kwake hadi leo.

Nilidhani kukata na kuunga ni kazi ya dakika kumi. Fundi alinichimbisha mita moja zaidi kila upande ili bomba lipate nafasi ya kupinda, la sivyo kipande kipya hakiingii. Kisha tukangoja maji yaliyobaki ndani yaishe kutiririka, kwa sababu gundi ya plastiki haipendi hata tone. Akakata sehemu mbovu, urefu wa kiwiko hadi vidoleni. Akasugua ncha kwa msasa, akafuta kwa kitambaa kikavu, akapaka gundi ndani ya soketi, kile kiungo kinachopokea ncha mbili za bomba, na juu ya bomba, akasukuma huku akizungusha robo, akashikilia na kuhesabu kwa sauti hadi thelathini. Soketi ya pili vilevile. Nilimwomba tufungue jioni. Akakataa. Chini ya bomba akamwaga mchanga laini, akaacha mtaro wazi, akaenda zake.

Kufungua nako kuna adabu yake. Tulizima hita ya maji kwenye umeme, maana ikiwaka bila maji ndani inaungua. Tukafungua vichujio vidogo vya midomo ya koki ili uchafu usivizibe. Tukaacha koki ya uani wazi, fundi akafungua kuu kidogo kidogo. Hewa ikakohoa, bomba likatema rangi ya chai, likakohoa tena. Alituambia tuyaache yatiririke hadi yawe meupe, na ya kunywa tuyachemshe, yatokote kwa dakika nzima, kwa siku kadhaa: msukumo unapokufa, ufa uliokuwa unatoa maji unaweza kuvuta tope kuingia ndani. Mtaroni soketi zote mbili zilikuwa kavu. Nilizigusa kwa kidole mara tatu. Kisha nikaenda kwenye mita, kinyota kimesimama.

Kabla ya kufukia nilitandika futi mtaroni na kupiga picha, nikapima kutoka kona ya jikoni hadi kila kiungo, na kutoka ukutani hadi bomba. Nikachora yote kwa kalamu ya wino mzito ndani ya mlango wa kabati la mita: nyumba, koki mpya, bomba, soketi mbili, mti usiokuwepo na duara la nukta kuuzunguka. Nilikuwa najivunia mchoro huo.

Siku ya pili nilipofungua kabati nikakuta umeongezwa. Kando ya koki, kwa penseli nyekundu, kuna mwanamke mwenye nywele zilizosimama, ameshika spana kubwa kuliko nyumba, na maji yanaruka hadi juani. Sikumfuta. Yuko mahali penyewe hasa.