Nakala ya Pili

Barua ya kwanza niliyoichapa kuhusu mtaro wetu ilianza hivi: "Kwa heshima na taadhima, sisi wakazi wa Langoni tunaomba kwa unyenyekevu mkubwa..." Ukurasa ukaendelea vivyo hivyo, kuomba na kushukuru na kuwaombea dua wakubwa, na mtaro wenyewe ukatajwa mstari wa tisa. Haikujibiwa. Sikushangaa. Nina duka la kuchapa na kutoa kopi hapa Amu, yaani mji wa Lamu, pwani ya Kenya, mwaka wa kumi na nne sasa, na barua za namna hiyo nimechapa nyingi mno. Hutoka kwangu zimekunjwa vizuri ndani ya bahasha ya kaki, zikavuka maji, na habari zake zikaishia hapo.

Kwa msomaji asiyeujua mji wetu: vichochoro vya Amu havipiti gari. Hupita watu na punda, na kandoni hupita mtaro wa maji ya kuogea, ya jikoni na ya mvua, ukiteremka polepole mpaka baharini. Siku za kawaida mambo huenda. Bamvua likija, bahari hupanda, maji ya mtaro hukosa pa kutokea, na kama umeziba basi hurudi nyuma na kuingia nyumba za chini. Wetu ulikuwa na vifuniko vya zege. Wakaja mafundi wakavibandua vyote kuanzia karibu na msikiti, wakachimba kiasi, wakasimamisha kibao cha mradi chenye jina refu la kazi. Pale pa kuandikwa gharama palikuwa patupu. Wiki ya tatu hawakurudi.

Kusi ilipovuma kibao kikaanguka. Mtu mmoja, angejitaja tungemnunulia kahawa, akakilaza juu ya mtaro kiwe daraja. Tangu siku hiyo tukawa tunavuka juu ya jina la mradi, na kandambili zikaanza kula herufi.

Kisha ikawa siku ya punda. Alikuwa amebebeshwa mchanga, magunia mawili kila ubavu, akakwepa mkokoteni na guu la mbele likazama mtaroni mpaka gotini. Hakulia. Alisimama akitetemeka, pua zimepanuka, na mwenye kumswaga, kijana wa miaka kumi na tano hivi, amemshika sikio akimwambia "pole, pole" kama anayembembeleza mtoto. Tulishusha magunia, tukawa wanaume wanne kumuinua. Aliondoka akichechemea na damu ikidondoka hadi kona ya duka la halua.

Jioni ile mwalimu akaingia dukani. Mwalimu ni mstaafu, amenifundisha hesabu mimi na nusu ya mtaa, na hajaacha kusahihisha watu. Akauliza, "Ile barua yetu, nakala iko wapi?"

Nikamwambia hatukubakisha.

"Ilipokewa tarehe ngapi?"

Sijui.

"Nani aliipokea?"

Nikanyamaza.

"Basi hatukuandika barua," akasema. "Tuliota."

Niseme kidogo kuhusu mwalimu, maana bila yeye tungeendelea kuota. Yeye ni katika wale walioshughulika na habari za makaa ya mawe. Mradi wa Kwasasi wa kuzalisha umeme kwa makaa hayo, megawati 1,050, ulipewa leseni ya mazingira mwaka 2016, na tarehe 26 Juni 2019 mahakama maalumu ya mazingira ikaifuta. Watu hupenda kukumbuka maandamano na fulana. Mwalimu hukumbuka sababu: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano iliyofanywa mwanzo ilifanywa kabla ya utafiti kukamilika, na matokeo yalipotoka hawakuletewa watu wakayasoma wakayasemea. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 2018, Mahakama Kuu ilikuwa imeshaamua kesi ya bandari mpya ya Lamu, ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, na huko nako suala la kutoshirikishwa lilikuwa ndani. Basi sisi watu wa Amu tumewahi kushinda makubwa. Lakini makubwa yana mawakili, yana wageni wenye kamera, yana mashirika. Mtaro hauna wakili. Ndiyo maana nasema, tena bila aibu, kwamba kuzuia mtambo wa umeme kulionekana kwangu kwepesi kuliko kupata zege la kufunika kichochoro kimoja.

Kikao cha maoni ya bajeti kilikuja mwezi uleule. Walioitisha nawaacha bila jina. Tulikaa kwenye viti vya plastiki, tukagawiwa soda na mkate, na karatasi ya mahudhurio ikaanza kuzunguka hata kabla ya dua ya kufungua. Bajeti yenyewe haikuzunguka. Ilikuwa ukutani, kwenye projekta, herufi ndogo kama sisimizi, na aliyekuwa akiisoma akiruka kurasa. Karatasi ilipomfikia mwalimu akatia saini, kisha pembeni akaandika kwa wino mweusi: "Nimehudhuria. Sikupewa nakala ya bajeti." Akanipa. Nami nikaandika hivyohivyo. Mama muuza bajia aliyekaa nyuma yangu akauliza tumeandika nini, akaambiwa, naye akaandika. Karatasi iliporudi mbele, yule kijana wa kuikusanya aliitazama muda mrefu, akaifuata safu kwa safu kwa kidole.

Halijatokea jambo kubwa kwa sababu ya maandishi yale, nisidanganye. Ila nimeelewa saini zetu huenda wapi. Huambatishwa kwenye ripoti, na ripoti husema wananchi walishirikishwa.

Tukarudi kwenye barua. Mwalimu alikataa neno "tunaomba". Tulibishana usiku mzima barazani juu ya neno hilo moja, maana lugha yetu ina adabu na mimi naona adabu si kosa. Yeye akasema adabu iwe kwenye salamu. Kilichobaki kiwe maswali, tena maswali yenye jibu moja. Mkandarasi ni nani? Mkataba ni wa shilingi ngapi? Ulianza lini na ulipaswa kwisha lini? Kimelipwa kiasi gani hadi leo? Nani alitia saini kwamba kazi imekaguliwa? Matano tu. Juu yake tukataja kifungu cha 35 cha Katiba na ile sheria ya mwaka 2016 ya haki ya kupata habari, inayoipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu. Punda hatukumtaja. Iliniuma kumwacha, lakini mwalimu alisema punda atapewa pole, na pole ikishatolewa ofisi itajiona imejibu.

Nikachapa nakala mbili. Kwa Kiswahili.

Tulipanda boti ya asubuhi kwenda Mokowe, kule bara ziliko ofisi, na kutoka jetini tukashika bodaboda. Ofisi tuliyokwenda siitaji. Karani alikuwa kijana wa adabu, akatukaribisha vizuri, akasoma, akasema mkubwa hayuko.

"Hatukumjia mkubwa," mwalimu akasema. "Tumejia muhuri."

Akasoma tena. "Mzee wangu, hii ni ya Kiswahili. Mngeleta ya Kiingereza."

Mwalimu akatoa mfukoni kopi ya sheria, imekunjwa mara nne, akaonyesha penye mstari wa kalamu nyekundu: maombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Kijana akakuna shingo. "Mwalimu, mimi ndimi nitakayeulizwa." Hapo nilimwonea huruma kwa kweli. Muhuri uko kwake lakini si wake.

"Wakikuuliza, waambie yuko mzee amekaa kwenye benchi hataki kuondoka."

Tukakaa. Feni ilikuwa ikizunguka bila kupuliza. Watu wakaingia na kutoka. Adhana ya adhuhuri ilipolia tukaenda msikitini sote, na karani akaja akasimama safu moja nasi, bega kwa bega na mwalimu. Tuliporudi hakusema neno. Alifungua droo, akatoa muhuri, akaupiga kwenye kidau cha wino, akaugonga kwenye nakala zote mbili.

Mwalimu akavaa miwani. "Mwanangu, tarehe hii ni ya juzi."

Kweli, gurudumu la tarehe lilikuwa halijazungushwa. Mimi nilikuwa nimekwisha kushika bahasha. Kwangu siku mbili za ziada zilikuwa faida. Mwalimu akatikisa kichwa. Siku mbili za bure hazitaki, wataziona kesho na kusema tumeghushi. Karani akalisukuma gurudumu kwa ncha ya kalamu mpaka kidole gumba kikageuka zambarau, akagonga upya chini ya ule wa kwanza, akatia saini. Nakala moja ikabaki mezani. Ya pili tukarudi nayo Amu ndani ya mfuko wa plastiki, mwalimu ameikumbatia kifuani kwa ajili ya marasharasha ya mawimbi.

Niliibandika ukutani dukani, kando ya kalenda. Kila jioni nikawa nafuta siku moja. Sikutarajia yaliyofuata: watu wakaanza kuuliza. Wavuvi wanaokuja kutoa kopi za leseni, wanafunzi, mabaharia wasiokaa hata mtaa wetu, wote, "Leo ya ngapi?" Mke wangu akasema duka limegeuka ofisi ya serikali, tofauti ni kwamba wa serikalini hulipwa. Hakukosea. Kopi za mtaro sijamtoza mtu, na wino haushuki bei.

Siku ya kumi na mbili akaja bwana mmoja wa siasa, kanzu imenyooshwa, akatoa kopi ya kitambulisho, akalipa, akaisoma barua ukutani hadi chini. "Umetumwa na nani?" Akauliza kwa upole, kama anayeuliza habari za nyumbani. Swali hili hapa kwetu ni la zamani na limenyamazisha wengi, maana ukilijibu umekosa na usipolijibu umekosa. Nikamwambia nimetumwa na mtaro. Akacheka, akaondoka. Usiku sikulala vizuri. Asubuhi mwalimu akanionyesha mahali pengine katika ileile sheria: haki ya kupewa habari haiathiriwi na sababu ya mtu kuitaka, wala na yale ofisa anayodhani ndiyo sababu yake. Nikapaka mstari wa manjano nikaibandika nayo, usawa wa macho.

Siku 21 zikaisha kimya. Ya 22 tukaandika kwa ile tume ya kitaifa ya malalamiko dhidi ya ofisi za umma, ambayo wengi huiita Ombudsman, tukaambatisha nakala yenye muhuri, na nakala ya barua hiyo tukaipeleka kwa karani wetu. Safari hii aligonga bila kuulizwa, na tarehe ilikuwa sawa.

Haikupita wiki mbili akapiga simu yeye mwenyewe: njooni mchukue. Ukurasa mmoja. Maswali matatu yamejibiwa kwa jina, kwa shilingi na kwa tarehe, na sitayaandika hapa kwa sababu mwalimu bado anayalinganisha na makaratasi mengine. La nne likajibiwa kuwa malipo yamefanyika kwa mujibu wa taratibu. La tano: kazi imekamilika.

Nilicheka mpaka machozi. Tukamchukua seremala na futi yake, akapima kuanzia penye zege la mwisho hadi jetini kwa wavuvi, mita 64 za mtaro wazi. Tukapiga picha, kibao cha mradi kikiwa daraja katikati, mama mmoja akivuka juu yake na ndoo. Tukaandika: kama kazi imekamilika, tuonyesheni ilipokamilikia. Nakala mbili. Muhuri.

Mafundi wamerudi. Nadhani ni kwa sababu ya barua, ingawa wapo wanaosema ni kwa sababu mtu fulani alimpigia mtu fulani, na hapa kwetu hilo nalo huwezekana. Wamefunika kuanzia juu, wakapita duka langu, wakafika mita 31 na kusimama tena. Saruji, wanasema.

Sasa niseme lililonifanya niandike leo. Wenye nyumba za juu wamepoa. Barazani tulikuwa watu kumi na moja, juzi tulikuwa wanne. Siwezi kuwalaumu, kwa sababu duka langu liko upande uliofunikwa, na nilipoona zege mlangoni pangu nilihisi mwili mzima umepumzika, nikaikunja ile barua ukutani nikaitia kwenye droo. Siku tatu ikakaa humo.

Aliyenifanya niitoe ni bibi wa nyumba ya mwisho kule chini, ambako kibao bado ndicho daraja. Alikuja jana baada ya alasiri, akakaa kwenye kiti cha wateja, akavuta pumzi. "Mwanangu, wenye vifuniko mmelala," akasema. "Yana mai yaliingia hata chini ya kitanda. Niandikia yangu, na ina langu liwe mbele." Kwa Kiamu chetu yana ni jana, mai ni maji, ina ni jina.

Hajui kuandika, nikamwambia sheria inamtaka ofisa amwandikie yeye mwenyewe akifika ofisini. Akasema hamwamini ofisa, ananiamini mimi kidogo. Nikachapa, nikamsomea mara mbili, akanisahihisha tarehe ya kuingia maji. Akaweka dole gumba. Nilipomkabidhi akaigeuza karatasi nyuma na mbele.

"Na ya pili iko wapi?"

Jumanne tunavuka naye. Mwalimu ana mafua, lakini amesema atakuja na kofia ya sufu.