Vizuizi vya kimeng'enya vilivyonidanganya: jinsi nilivyotatua

Wiki tatu nimehangaika, leo nimepumua, basi naandika ili mwenzangu asipite njia ileile.

Nilikuwa napima vizuizi, yaani molekuli za kuzuia kazi ya kimeng'enya, dhidi ya laktati dihaidrojenesi, kimeng'enya kinachogeuza piruvati kuwa laktati na ambacho seli nyingi za saratani hukitegemea. Kipimo chenyewe chepesi: unatazama NADH, molekuli saidizi inayotumika katika mgeuzo huo, ikipungua kwa kupima mwanga inaoufyonza kwenye nanomita 340. Lakini molekuli 9 kati ya 12 nilizozipima zilizuia, nyingi mno! Tena mchoro wa dozi uliporomoka ghafla kama ukuta. Nikabadilisha NADH, nikayeyusha unga wa molekuli upya kwenye kiyeyusho cha DMSO, nikaazima pipeti ya jirani. Wapi.

Kilichonifungua macho ni kuongeza kimeng'enya mara 10: uzuiaji ukayeyuka, ingawa molekuli bado zilikizidi kimeng'enya kwa mbali. Kumbe zilikuwa zinagandana majini kuwa vijichembe, na vijichembe ndivyo vinavyokinasa kimeng'enya.

Dawa yake ni sabuni, Triton X-100, asilimia 0.01. Ila mara ya kwanza niliitia mwisho kabisa, matokeo yakayumba. Itie kwenye bafa (maji ya kipimo yanayotunza pH) kabla molekuli haijagusa maji. Hapo ndipo penye siri. Changanya taratibu, maana povu kwenye vishimo vya sahani huharibu usomaji. Pima pia bila molekuli yoyote, ujue sabuni yenyewe haikisumbui kimeng'enya.

Kati ya zile 9 zimebaki 2, na hizo hata nikiongeza kimeng'enya hazitikisiki.