Siku nzima na viatu miguuni, ndani ya nyumba

Saa kumi na mbili kasoro. Kabla ya kunawa uso nagusa swichi: taa inawaka. Umeme ulirudi usiku, betri imejaa, nina siku.

Hapa Katuba, Lubumbashi, delestaji, yaani mgao wa umeme, ndiyo inayopanga ratiba, kwa hiyo hesabu hii naijua kwa kichwa. Betri yangu ni ya volti 12 na ampea-saa 100, yaani wati-saa 1,200. Lakini ni ya asidi, na ukiinyonya kupita nusu kila siku unaiua mapema. Zinabaki 600. Kompyuta na modemu vinakula kama wati 60, inveta, ile inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, nayo inachukua chake. Napata saa nane hivi.

Saa moja niko mezani. Ninatafsiri nyaraka za Kifaransa kwa Kiswahili, wateja wako Kinshasa, na saa ya Kinshasa iko nyuma ya Lubumbashi kwa saa moja. Mpaka wao wafungue ofisi, simu haiiti. Kurasa ngumu nazitafuna hapo.

Ofisi yenyewe ni pembe ya barza tuliyoizungushia ukuta. Dirisha liko mkono wa kushoto. Zamani nililigeuzia mgongo, jua likawa linapiga kioo cha kompyuta nisione kitu. Kompyuta imepanda juu ya matofali ya kuchoma, nimeyafunga kipande cha kitenge yasimwage vumbi jekundu, na klaviye (kibodi) ya kuchomeka iko chini yake. Kabla ya matofali shingo ilikuwa inaniuma hadi usiku.

Saa nne umeme unaondoka. Inveta inalia mara moja, naendelea.

Muda si muda, hodi. Mama jirani, mtoto mgongoni. "Yaya," ananiita kwa heshima ya mkubwa, "kwa kuwa uko nyumba tu…" Anatazama miguu yangu. "Ah, umevaa viatu. Basi nitarudi."

Viatu hivyo vina historia. Nilipokuwa nafanya kazi na kandambili, nililea watoto wa mtaa mzima, nikapokea makala (mkaa) ya watu na kulinda nyanya zilizoanikwa. Nilieleza nikachoka. Siku moja nilikuwa nimetoka benki, nikakaa mezani na viatu vyangu vya kamba, hakuna aliyenituma. Sasa hata wanangu wanajua.

Saa sita, bukari (ugali) na sombe (kisamvu), jikoni. Mezani siruhusu sahani.

Saa nane, mkutano. Mvua ya Novemba nimeshaizoea, mikutano naiomba asubuhi, ila leo mteja amekataa. Dakika ya kumi mvua inaanguka juu ya mabati na wote wanabaki kuona mdomo wangu unacheza. Naandika: "Mvua." Tunamalizia kwa ujumbe. Plafo, yaani dari, ingesaidia, lakini fedha ya plafo ndiyo niliyompa seremala mwaka wa kwanza, kwa meza hii kubwa niliyojivunia wiki mbili. Ningejua, ningeweka ubao juu ya matofali mengine, nikanunua kwanza betri na kiti.

Saa kumi na moja. Nakala kwenye flashi, inveta nazima, betri inasoma volti 12.3, haijashuka nusu. Nafungua kamba. Kiatu cha pili hakijatoka vizuri, hodi! Mama jirani na mtoto wake. Sijui alikuwa anachungulia kutoka wapi.