Mdako wa binti mmoja ulivyobadilisha ufundishaji wangu

Nilikuwa na darasa la pili lenye watoto 84, na saba kati yao hawajashika hata irabu. Binti mmoja ndiye aliyeniumiza zaidi. Ukimfundisha ba, be, bi asubuhi, ikifika saa nne keshasahau. Wazazi walishampeleka kupimwa macho na masikio, yote mazima.

Siku moja mama yake akaniambia, "Mwalimu, huyu nyumbani kwenye mdako hashindwi na mtu." Wakati wa mapumziko nikaenda kumwangalia. Anarusha jiwe, anachota kete shimoni, anazirudisha na kubakiza mbili, anadaka. Anajua amefika wapi, na anajua mwenzake alikosea wapi. Asiye na kumbukumbu hawezi hayo. Ikabidi nijiulize mimi ninafundishaje.

Nilianza vibaya. Niliwarusharusha watoto kabla ya somo, mikono juu, mikono chini, nikidhani mwili ukichangamka akili itafuata. Walichangamka kweli, hata wakatulia kidogo walipokaa, lakini silabi zilisahaulika vilevile. Nikaona somo lenyewe lazima liingie ndani ya mchezo.

Basi nikachora vyumba vitano chini ya mwembe, kila kimoja na silabi yake. Natamka mbili: "bo, ba." Mtoto anasimama kimya, mikono mgongoni, mpaka nipige makofi, ndipo anaruka kwa mpangilio uleule huku akitamka kwa sauti. Hapo pa kusubiri ndipo penye kazi yote, maana lazima azishike silabi kichwani na auzuie mwili usikimbie. Anayeruka kabla ya makofi mara nyingi ameisikia ya kwanza tu. Akitua, anachuchumaa na kuziandika kwa kidole mchangani, kisha papo hapo daftarini. Akipatia mbili siku tatu mfululizo, naongeza ya tatu. Dakika kumi zinatosha, asubuhi, jua halijawa kali. Zikizidi inakuwa vurugu.

Kosa ninalolijutia ni kuwatoa wale saba peke yao. Siku ya pili tu wenzao wakawaita "wale wa kurukaruka", na binti yule akagoma kutoka kwenye dawati. Nikawachanganya na wanaosoma vizuri, na anayekosea anakumbushwa na aliye nyuma yake, bila kuchekwa. Walimu wenzangu, hili msilipuuze hata kidogo.

Mwisho wa muhula watano walikuwa wanasoma maneno ya silabi mbili. Binti yule alipata saba kati ya kumi kwenye imla, miguu ikigonga sakafu chini ya dawati kwa kila silabi. Sikumkataza. Wa sita anasoma kwa kusitasita. Wa saba, mvulana, mbili bado zinamponyoka. Tumemwombea apimwe na wataalamu wa elimu maalumu, na tukiwa tunasubiri, yeye na mimi tumerudi kwenye silabi moja, kila asubuhi kabla ya paredi.