Harufu ya choo cha paka ndani ya fleti

Mwezi Machi uliopita shangazi yangu alikuja kutoka Tanga kukaa nasi siku chache. Alifika jioni, akatawadha, akatandaza mswala kwenye kona ya sebule ninayoiacha wazi kwa ajili ya sala, akasimama kidogo, kisha akainama, akaunusa, akaukunja taratibu na kuuweka kando. "Mwanangu," aliniambia kwa sauti ya chini ili mume wangu asisikie, "niletee mswala mwingine, na huu tuufue kesho." Hakusema zaidi ya hapo. Tangu utotoni tumefundishwa kwamba paka si najisi na kwamba maji aliyoyanywa yanafaa kutawadhia, lakini mkojo wake ni najisi kama mikojo mingine, nami nilikuwa nimeishi na harufu ile muda mrefu kiasi kwamba pua yangu haikuisikia tena.

Tunaishi Upanga, Dar es Salaam, katika fleti ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu. Paka wetu, Sharubu, ni dume, na wakati huo alikuwa amepita mwaka mmoja kwa miezi michache. Paka wa nyumba yenye ua huchimba nje akafukia mwenyewe, na mwenye nyumba hana habari. Sharubu hana ua, kwa hiyo choo chake ni beseni la plastiki lenye mchanga, na beseni hilo nilikuwa nimeliweka kwenye ujia mwembamba kati ya bafu na sebule, mahali pasipo dirisha. Machi hapa kwetu ni mwezi wa joto zito na unyevu, nguo zilizoanikwa ndani hulala mbichi hadi asubuhi, na mchanga wa paka nao haukauki.

Haikuwa kwamba nilikaa bila kufanya jambo lolote. Kabla ya wageni kufika nilikuwa nikichoma udi, na siku nyingine nikipulizia manukato ya chumbani, na matokeo yake yalikuwa harufu mbili badala ya moja. Mtu mmoja aliniambia ninyunyize majivu, mwingine akasema magadi yale ya kupikia maharage, nami nikavijaribu vyote viwili juu ya mchanga ambao tayari ulikuwa umelowa kwa siku tatu. Dakika chache baadaye macho yalianza kuniwasha, na ile harufu ya kuchoma pua ikawa kali kuliko mwanzo. Nilidhani nimekosea kipimo, nikaongeza.

Sababu yake niliielewa baadaye, nilipoacha kutafuta dawa ya harufu na kuanza kuuliza harufu yenyewe ni nini. Mkojo wa paka unapotoka tu huwa haunuki sana. Ndani yake mna urea nyingi, na bakteria walioko kwenye mchanga, kwenye kinyesi na kwenye beseni lenyewe huivunja urea hiyo saa baada ya saa hadi inakuwa amonia, ambayo ndiyo inayochoma pua na macho. Paka anayo urea nyingi katika mkojo mchache kwa sababu asili yake ni paka pori wa Afrika na Mashariki ya Karibu, mnyama wa nchi kavu ambaye figo zake zimezoea kubana maji. Zaidi ya urea kuna kitu kingine kinachoitwa felinini, ambacho dume asiyehasiwa hukitoa kwa wingi kuliko jike, nacho kikikaa huvunjika na kutoa harufu ile ya salfa ambayo kila mtu huitambua mara moja kuwa ni ya paka dume. Sasa, amonia ni alkali, na majivu na magadi pia ni alkali, kwa hiyo ukivimwaga juu ya mkojo uliokwisha kuoza unaisukuma amonia itoke kwenye unyevu na kuingia hewani. Siki, ambayo ni asidi, ndiyo huituliza.

Hapa lazima niseme jambo moja kwa mkazo wote nilio nao. Usisafishe choo cha paka kwa dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, ile ambayo wengi wetu tunaiita jiki, wakati mkojo ungali mle ndani. Klorini ikikutana na amonia hutoa gesi ya sumu inayoumiza mapafu, na katika bafu dogo lisilo na dirisha gesi hiyo haina pa kwenda. Vivyo hivyo zile dawa za choo zenye fenoli, ambazo hugeuka nyeupe kama maziwa ukizitia kwenye maji, si za kutumia mahali anapokanyaga paka, kwa kuwa ini la paka haliwezi kuvunja fenoli kama letu linavyoweza, naye hukanyaga beseni kisha akalamba miguu yake. Mafuta ya karafuu na ya mkaratusi, ambayo watu hupendekeza kwa nia njema, yana hatari ya namna hiyohiyo.

Asubuhi iliyofuata tuliufua mswala pamoja na shangazi, lakini swali lililonisumbua ni mkojo ulifikaje kule, kwa sababu Sharubu alikuwa hajawahi kuonekana akikojoa nje ya beseni. Nilishuka kwa muuza duka wa chini nikamwomba tochi yake ndogo ya mwanga wa zambarau, ile anayokagulia noti bandia, kwa kuwa nilikuwa nimesoma kwamba mkojo wa paka hung'aa chini ya mwanga huo. Usiku tulizima taa zote. Beseni lilizungukwa na madoa ya rangi ya manjano iliyofifia, lakini hayo niliyatarajia. Sikutarajia mstari ulioanza ukutani nyuma ya beseni, kimo cha goti, ukateremka hadi kwenye ukingo wa chini, ukafuata ufa wa sakafu karibu mita moja, na kuishia pale hasa ninapoegemeza mswala uliokunjwa. Sharubu alikuwa akisimama ndani ya beseni kama kawaida yake, lakini alikuwa akinyunyiza ukutani kwa nyuma, kama afanyavyo dume anayeweka alama ya mipaka yake, na mkojo ulikuwa ukitiririka gizani kila siku. Yawezekana miezi mingi, sijui.

Kazi ya kuusafisha ukuta ule ilituchukua siku mbili. Sakafu za fleti za zamani za Upanga ni za terazo, na terazo ina chembe za marumaru ambazo siki huzila na kuziondolea mng'ao, kwa hiyo sakafuni nilitumia maji mengi na sabuni ya kufulia yenye vimeng'enya, vile viini vinavyovunjavunja uchafu, nikaiacha ikae chini ya kitambaa kilicholowa kwa muda wa saa moja hivi, kisha nikasuuza na kurudia mara tatu. Siki iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji niliiweka kwa ajili ya beseni na vigae vya bafuni. Ukuta wa plasta ulikuwa mgumu zaidi, kwa kuwa saruji ina vitundu na mkojo ulikuwa umeingia ndani, na mwishowe tulilazimika kukwangua rangi ya sehemu ile, kuiacha ikauke kwa feni siku nzima, na kuipaka rangi ya mafuta ambayo sasa naweza kuifuta.

Nilipoligeuza beseni na kulikagua juani nilielewa kwa nini kuliosha hakukuwa kukisaidia. Chini kabisa, mahali anapochimba, kulikuwa na mikwaruzo mingi ya kucha, myembamba kama nywele, na kila mkwaruzo ulikuwa na uzi wa manjano ndani yake ambao brashi haikuweza kuufikia. Plastiki iliyokwaruzwa haisafishiki tena. Nililitupa, na tangu hapo nimeamua kwamba beseni la paka ni kitu cha kubadilishwa kila mwaka. Hili la sasa ni kubwa, refu mara moja na nusu ya urefu wa paka mwenyewe, lenye kingo za juu pande tatu na upande mmoja wa chini wa kuingilia, nalo liko bafuni chini ya dirisha. Nimeweka na la pili karibu na mlango wa jikoni, kwa kuwa kanuni wanayoifuata wengi wanaofuga paka ndani ni beseni moja kwa kila paka na moja la ziada.

Kuhusu mchanga wenyewe nina maoni thabiti. Mchanga wa ujenzi, tuliokuwa tukiutumia, huuacha mkojo upite hadi chini, ukajikusanya kwenye sakafu ya beseni, na kwa hiyo hata ukiokota kinyesi mara kumi kwa siku mkojo wote bado umo. Maranda ya mbao hunyonya vizuri kidogo lakini hulowa kwa pamoja, huwezi kutoa sehemu moja ukaacha nyingine, na pumba za mpunga karibu hazinyonyi kabisa. Udongo maalumu wa paka ni jambo lililoanza kwa bahati huko Michigan, Marekani, mwaka 1947, pale Edward Lowe alipompa jirani yake chembe za udongo mkavu wa kunyonya mafuta ili paka wake aache kutembeza majivu ndani ya nyumba. Ule unaoganda, ambao hutengenezwa kwa bentonaiti, aina ya udongo wa mfinyanzi, ulikuja baadaye, na ndio ninaoutetea, kwa sababu mkojo ukidondoka juu yake udongo huvimba na kuwa bonge gumu unaloweza kuliokota kwa upawa wenye matundu kabla bakteria hawajafanya kazi yao. Bei yake inauma. Najua nyumba nyingi haziwezi kuununua kila mwezi, na kwa hao ningeshauri mchanga wa kawaida ulioanikwa juani hadi ukauke kabisa, utandazwe juu ya gazeti, kidogo tu, na umwagwe wote kila siku. Mchanga mwingi uliokaa wiki nzima ni hasara hata kama haukununuliwa.

Siku hizi naokota asubuhi baada ya sala ya alfajiri na tena usiku kabla ya kulala, kazi ya dakika mbili. Udongo una kina cha vidole vitatu, na kila wiki mbili naumwaga wote, naosha beseni kwa maji ya moto na sabuni isiyo na manukato, nalisugua kwa siki, nalisuuza, na kulianika juani kwenye roshani hadi likauke. Manukato nimeyaacha kabisa, maana pua ya paka ni kali kuliko yetu na akiichukia harufu ya choo chake atatafuta choo kingine, na mara nyingi huwa ni kitanda. Udongo wa bentonaiti hauingii kwenye choo cha kuvuta maji, kwa kuwa huvimba bombani kama unavyovimba kwenye beseni; naufunga kwenye mfuko na kuutoa pamoja na taka.

Yote hayo hayakuumaliza mstari wa ukutani. Kilichoumaliza ni kumpeleka Sharubu kwa daktari wa mifugo akahasiwa. Mume wangu alisita, akiona ni kumwonea mnyama, nami namwelewa, lakini ndani ya wiki kama sita Sharubu alikuwa ameacha kunyunyiza na harufu ya mkojo wake ilikuwa imepungua kwa namna ambayo hata jirani wa mlango wa pili aliitaja bila kuulizwa. Daktari huyo alituuliza pia Sharubu anakula nini, nasi tukamjibu dagaa wakavu, basi. Alitueleza kwamba paka anayekula vikavu tu hanywi maji ya kutosha kufidia, mkojo wake huwa mzito, na kwa dume, ambaye njia yake ya mkojo ni nyembamba, uzito huo unaweza kuandamana na chembe kama mchanga zinazoiziba. Tangu siku hiyo dagaa huchemshwa na kupewa pamoja na supu yake, bila chumvi na bila kitunguu, kwa kuwa kitunguu ni sumu kwa paka, na bakuli la maji liko mbali na choo. Alitusisitizia pia kwamba tukimwona anaingia na kutoka kwenye beseni, anachuchumaa na kulia huku mkojo hautoki, tusingoje hata kesho yake, maana dume aliyezibika anaweza kufa ndani ya siku chache. Kwa sababu hiyo nahesabu mabonge ninapookota. Huwa matatu au manne kwa siku.

Mdogo wangu ni mjamzito, na mwezi ujao anakuja kukaa nasi hadi ajifungue. Mama alipiga simu akiwa na wasiwasi, akitaka Sharubu apelekwe kwa mtu mwingine. Nilimweleza kwamba ugonjwa anaouogopa, wa toksoplazima, unaoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hutoka kwenye kinyesi cha paka aliyeupata kwa kula panya au nyama mbichi, na kwamba mayai ya vimelea vyake huhitaji siku moja hadi tano nje ya mwili kabla ya kuweza kumwambukiza mtu, hivyo kinyesi kinachookotwa asubuhi na jioni hakipati muda huo. Hata hivyo tumekubaliana kwamba mdogo wangu hatagusa beseni wala upawa kwa miezi yote atakayokuwa hapa, Sharubu hatapewa nyama mbichi, na beseni la jikoni litahamia roshani. Shangazi naye amesema atakuja mtoto akizaliwa. Mswala wake uko kabatini.